Kipa wa Benchi na Mkasi wa Mhariri

Filimbi ya mwisho imelia sasa hivi, mashabiki wanamiminika nje, na Dada Matokeo bado ameganda jukwaani, kompyuta mapajani, akibishana na simu.

"Nipe nani kafunga, dakika ya ngapi, kocha kasemaje. Basi," anafoka mhariri wake wa michezo. "Usinililie."

"Na yule kipa?"

"Kipa gani? Kacheza?"

"Hajacheza."

"Sasa?"

Anakata simu na kusonya hadi mpiga picha aliye pembeni anageuka.

Jina la utani la Dada Matokeo alibandikwa na wenzake ofisini, na halipendi hata chembe. Tangu aanze kazi amepangiwa klabu moja: mazoezi, majeruhi, usajili, matokeo. Analipwa kwa habari inayotoka, si kwa mwezi, kwa hiyo ikikatwa, naye amekatwa.

"Nikiandika goti limeuma, sawa. Nikiandika kuhusu mwenye goti, naambiwa nimeleta hadithi," anasema. "Kwani wanaocheza ni mawe? Jamani!"

Kipa anayemgombania ni wa akiba. Misimu sita huvaa glovu, hupasha misuli, hukaa benchi. Leo ndiyo ilikuwa mechi yake ya mwisho. Mkataba umekwisha na klabu imemuaga kwa kumpa mkono koridoni. Mama yake hununua gazeti baada ya kila mechi kutafuta jina la mwanawe, halipo. Majirani wameshaanza kumcheka: huyo mwanao anacheza mpira kweli, au anawabebea wenzake mabegi?

Mara tatu Dada Matokeo amemweka mwishoni mwa habari yake, na mara zote ameondolewa, maana nafasi ikibana mkasi wa mhariri huanzia chini. "Na mimi kama juha namrudisha hukohuko chini," anasema akijipiga paji la uso.

Leo kuna kitu amekiona. Timu zikiwa sare, dakika chache kabla ya mwisho, mpira ulitoka nje mbele ya benchi. Wapinzani wakiwa bado wanabishana na mshika kibendera, kipa wa akiba aliuwahi, akamtupia winga wa timu yake. Winga akarusha chapuchapu, mshambuliaji akafunga. Moja bila.

Dada Matokeo anaanza habari na jina la kipa, lake na la baba yake, kisha bao. Anatuma. Simu inaita papo hapo.

"Wewe, benchi limeingiaje kwenye bao?"

"Mtoe, halafu uniambie mpira ulitoka wapi."

"Una kichwa kigumu wewe."

"Nimelelewa na wewe, bosi."

Asubuhi gazeti liko mezani ofisini, sentensi ya kipa haijaguswa. Ameomba ukurasa mmoja kwa wiki wa kuandika kuhusu watu wa mpira, na matokeo ataendelea kuyaleta. Amejibiwa "tutaona", neno ambalo limemchosha kuliko kazi yenyewe.

Kipa anapiga simu.

"Dada yangu, mama kasoma! Kazunguka nalo nyumba zote. Ila sasa kanuna, anauliza picha iko wapi."

Dada Matokeo anafumba macho. "Huyo mama naye!" Anamgeukia mpiga picha. "Ya kipa wa akiba unayo?"

"Mimi? Nilikuwa nampiga mfungaji."

"Misimu sita, hata moja?"

Mpiga picha anapekua kamera, anatikisa kichwa.

"Beba kamera yako," anasema Dada Matokeo, akiwa ameshanyanyuka. "Tunakwenda kwao sasa hivi. Na mama mtu aingie humohumo pichani, maana akikosekana hatutalala."