Kichaka cha Maua ya Manjano Nyuma ya Jikoni

Mimi si mtu wa kuamini watu haraka. Nilizaliwa hivyo, na kama hilo linakuudhi, utanisamehe. Miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji, nilipoolewa mtaa wa Kadutu, nilianza kwa kumshuku bwana yangu kwa sababu alichelewa kurudi, halafu nikamshuku jirani kwa sababu alicheka sana. Lakini niliyemshuku kwa moyo wote alikuwa mama mukwe, na yote yalianzia kwenye kichaka.

Bwana yangu alikuwa anatunza bustani ya Wazungu kule Nguba, karibu na ziwa. Siku moja akarudi na mche ndani ya kopo la mafuta. Akasema madamu wake amepanda vichaka vya namna hiyo kufuata ukuta mzima, kwa uzuri wa maua, na amemwonya kwamba mbuzi wasile majani wala watoto wasitafune mbegu, maana vina sumu.

"Sasa unatuletea sumu ya nini?" nikamuuliza.

"Mama ndiye ameniomba," akasema.

Mama yake alikuwa ametoka kisiwa cha Idjwi kuja kukaa nasi, kwa sababu nilikuwa na mimba. Ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza zilikuwa zimetoka, na mtu aliyepoteza mara mbili haulizi tena kama kuna mkono wa mtu, anauliza ni mkono wa nani. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilipowahesabu waliolala chini ya bati langu, tulikuwa watatu tu.

Mama mukwe akakipanda kichaka chake nyuma ya jikoni. Mvua zilikuwa nzuri, na baada ya miezi michache kikanifika kifuani, kikachanua. Maua yalisimama wima kama mishumaa ya kanisani. Chini yalikuwa yamefunguka, manjano matupu, lakini juu kwenye ncha yale ambayo hayajafunguka yalikuwa meusi. Majani yake marefu yalikuwa na vijani vidogo viwiliwili, vinatazamana, na ukivifikicha vinatoa harufu ya shimo la panya. Jioni vijani vilikunjana, asubuhi vikafunguka. Hata hilo nililishuku. Mti gani unalala?

Nikaanza kumchunguza mama mukwe. Nilimwona akichuma majani na kuyafunga kwenye ncha ya kitenge chake. Nilimwona akiyatwanga, na nilipokaribia akaacha kutwanga. Siku hizo hizo mikono yangu ikatoka mabaka ya duara yanayowasha, nikajua tayari ameanza kazi. Nikaacha kula chakula chake. Nilijipikia viazi vyangu mwenyewe, na maji yangu nikayaficha chini ya kitanda.

Kwetu, anayekupa kitu cha kunywa anaonja kwanza. Ukileta kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, unapiga funda moja mbele ya mgeni, ndipo unamkabidhi. Hakuna anayekukumbusha. Siku utakayokumbushwa, ujue umeitwa mulozi, mchawi wa sumu.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka misa. Bwana yangu alikuwa amekwenda kumwagilia bustani ya madamu, na mimi nilikaa uani na maman wawili wa jirani. Mama mukwe akatoka jikoni na kopo la maji meusi, vuguvugu, akaliweka karibu na mguu wangu.

"Hii iko yako," akasema, akageuka kwenda zake. Hakuonja.

Ulimi hauna mfupa. Nikasema kwa sauti, ili wale maman wasikie vizuri, "Maman, onja kwanza."

Akasimama. Akawatazama wale maman, kisha akanitazama mimi. Nilitegemea kuona hasira, lakini niliona aibu, aibu ya mtu mzima aliyevuliwa nguo mbele ya watu. Akainama, akachukua kopo kwa mikono miwili, akanywa mpaka mwisho, akaligeuza chini juu ili kila mtu aone. Halafu akaingia nyumbani.

Jua lilikuwa bado juu tumbo lilipoanza kumkata. Alitapika, akaharisha, mpaka akashindwa kusimama. Bwana yangu aliporudi akaniuliza mama amekunywa nini. Nikamweleza yote, nikamwonyesha maji yaliyobaki kwenye sufuria jikoni. Akainusa.

"Hii haikuwa ya kunywa," akasema. "Iko dawa ya ngozi, ya majani ya kile kichaka. Aliniambia asubuhi anakupikia maji ya kunawa mikono, kwa ile mabaka yako. Ndani ya tumbo inachoma."

"Kwa nini basi hakusema?"

"Ulimuita mulozi mbele ya watu. Angesema iko ya kunawa, nani angemuamini?"

Siku mbili nilikaa kando ya mkeka wake na kijiko cha uji wa mtama, nikiogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Niliogopa kwa ajili yake, ndiyo, lakini niseme ukweli, nilijiogopea mimi pia. Kama angekufa, mulozi angekuwa mimi, na wale maman wangekuwa mashahidi. Siku ya tatu akaomba chumvi, nikalia kwa furaha. Yale maji ya sufuria nilikuwa nayanawa kila asubuhi, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Baada ya wiki mabaka yakakauka. Hilo liliniumiza zaidi.

Mimba haikutoka. Nilizaa mtoto wa kike mwenye sauti kali, na mama mukwe ndiye aliyemwogesha mara ya kwanza. Hakurudi Idjwi. Aliishi nasi miaka mingi, na neno la Jumapili ile hakulitaja hata mara moja. Lakini tangu siku hiyo, kila alichonipa alikionja kwanza, kiwe uji, kiwe chai, hata maji ya mtungi ambayo nilichota mwenyewe. Wageni wakiwepo, alionja polepole zaidi.

Siku moja nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Maman, basi. Mimi ndiye nilikosa. Unisamehe."

Akapiga funda lake, akafuta ukingo wa kopo kwa kitenge, akaninyooshea.

"Kunywa, mutoto wangu," akasema. "Nimeisha kuonja."