Sauti Iliyobaki Kazini

Pale zahanati walimwita Spika, na jina lilimkaa mpaka mwenyewe akawa anageuka akiitwa hivyo barabarani. Alifagia ukumbi wa wagonjwa na kuwaita watu zamu zao zinapofika. Kusoma hakujua. Karani alitoa kichwa kwenye tundu lake, akamnong'oneza namba na dirisha, naye akafungua mdomo. Hata mgonjwa aliyekuwa nje anapunga upepo alirudi mbio.

Lakini kuita watu si kupiga kelele, kama wengi wanavyodhani. Aliyekuwa na masikio mazito, Spika alimfuata hadi kwenye benchi na kumshika mkono. Aliyesinzia alimwamsha kwa upole, asije akaamka na hofu. Na wale wa dirisha la mwisho, dirisha ambalo hakuna anayependa kuonekana akilielekea, hao hakuwaita kabisa. Alipita na ufagio wake mpaka walipoketi, akainama kama anayewaomba wainue miguu, akasema chini kwa chini, "Zamu yako, mpenzi." Hakuna aliyemfundisha hilo. Hakuna aliyemshukuru pia, na yeye hakungoja shukrani.

Kazi hiyo ndiyo iliyomfanya mtu. Nyumbani alikuwa mke wa dereva wa lori asiyetulia mahali, mama wa watoto waliokwisha kushika njia zao, mkwe wa kizee na shemeji wa mtu. Ukumbini alikuwa yeye mwenyewe. Akiumwa asije kazini, watu waliuliza, "Leo Spika yuko wapi?"

Shemeji mwenyewe alikuwa mdogo wa mumewe. Aliletwa nyumbani kwao bado anakojoa kitandani, na godoro lililoanikwa kila asubuhi lilianikwa na Spika. Akakua, akapata kazi ya kuhesabu magunia kwenye ghala, na muda wake wote uliobaki akaupa kompyuta. Si zile kubwa za maofisini zinazovuma kama jokofu bovu. Zake zilikuwa ndogo, zinatosha kiganjani kama kipande cha sabuni. Hazina feni. Hazivumi wala hazipumui. Usipoona kijitaa chake cha kijani, hujui kama kidude kiko hai au kimekufa.

Jumamosi walijaa chumbani kwake yeye na wenzake wa ugonjwa huo huo. Mmoja alikifundisha cha kwake kufungua banda la kuku jua linapochomoza. Mwingine alikiweka juu ya bati kipime mvua na upepo. Wanaume wazima, ndevu zimejaa, wanashangilia kijitaa kikiwaka. Spika aliwapelekea chai na kuwacheka.

"Nyie mmekosa wake wa kuwachosha!"

"Sasa shemeji, mke ana kelele. Hiki kinakaa kimya," shemeji alijibu, wote wakaangua kicheko, na Spika akacheka zaidi yao.

Macho ya mama mkwe yalipozima, shemeji akaja jikoni na sauti ya mtoto mwema.

"Shemeji, nataka kumtengenezea mama kisanduku. Kimwambie saa, kimkumbushe dawa. Lakini sauti za mashine zitamtisha. Niazime yako."

"Sauti nayo inaazimwa?"

"Wewe unayo ya kutosha, zahanati nzima inashiba na nyingine inabaki. Nani mwingine ana sauti kama hiyo?"

Akavikwa kilemba cha ukoka, akakipokea kwa mikono miwili.

Kwanza walirekodi kwenye kompyuta yake kubwa ya zamani, na feni yake ikaingia ndani ya maneno. "Unasikika kama unaongea ndani ya mashine ya kusaga," shemeji akalalamika, akailaza ile kubwa, akachukua kile kidogo kisicho na sauti. Akamwingiza Spika kichwa ndani ya kabati la nguo, katikati ya makoti ya mumewe, ili mwangwi wa chumba usisikike. Jasho lilimtiririka. Alizitaja namba zote, siku zote za wiki, asubuhi na jioni. Akasema dawa, akasema maji, akasema leo na kesho, hakuna na ipo, njooni mle, rudini mapema.

"Sasa sema dirisha la kwanza. Dirisha la pili. Endelea mpaka la mwisho."

Spika akatoa kichwa kabatini. "Mama ana dirisha moja tu, tena halifunguki."

"Ni la kuzoeza mdomo, shemeji. Sauti ipate joto."

Akacheka, akarudisha kichwa kwenye makoti, akayataja madirisha yote. Mtu uliyemfulia mashuka yake ya mkojo humpekui.

Kisanduku kikawekwa kwenye rafu ya mama mkwe, na kizee akafurahi kweli. "Mwanangu, umekwenda sokoni na bado uko hapa unanisumbua ninywe dawa!"

Miezi ikapita. Jumatatu moja Spika aliingia ukumbini, akainama kufagia chini ya mabenchi, mara akajisikia anaita.

"Namba kumi na saba. Dirisha la pili."

Akajishika mdomo. Ulikuwa umefungwa. Juu ya tundu la karani palikuwa na kisanduku kidogo cha ukubwa wa sabuni, na kando yake kipaza sauti.

"Spika kafungiwa spika!" mgonjwa mmoja akapiga kelele, ukumbi ukacheka. "Siku hizi unaita kwa kisogo, dada?"

Karani hakuinua macho. Msimamizi alimwita ofisini, akamkalisha kitini, akamwambia zahanati inajivunia sauti yake na kwamba itakaa pale miaka na miaka. Yeye mwenyewe sasa apumzike. Ufagiaji, kuna kampuni inakuja kuuchukua.

"Nani kasema nimechoka?"

Msimamizi akashangaa. "Si mmekubaliana nyumbani? Shemeji yako alisema ni zawadi yako kwetu."

Nyumbani aliwakuta wote wawili uani, mumewe akiosha kwa sabuni mikono iliyojaa grisi, shemeji akimshikia kopo la maji.

"Kumbe umeniweka ukutani," akasema.

Shemeji akababaika. "Shemeji, mimi niliona utapumzisha koo tu. Kukutoa kazini sikujua. Jamaa zangu walikisikia kile cha mama wakasema hiki ni cha kupeleka mbele, basi nikampelekea msimamizi akisikie, naye akakipenda."

"Na yale madirisha uliyonitajisha siku ile kabatini, nayo yalikuwa ya mama?"

Shemeji akayamwaga maji yaliyobaki, akaliangalia kopo tupu.

Akamgeukia mumewe. "Na wewe ulijua?"

"Nilidhani amekwambia."

"Ulidhani, au uliomba iwe hivyo ili usiniambie wewe?"

Mume akajifuta mikono kwenye suruali. "Umri nao umekwenda, mama watoto. Acha ukumbi, ukae na mama."

"Kitoe," Spika akamwambia shemeji.

"Siwezi. Si changu tena, ni cha zahanati."

"Na sauti je, ni ya nani?"

Walikuwa wamekula sahani moja na yeye miaka yote hiyo, na sasa waliangalia sabuni.

Siku hiyo hiyo alichomoa waya wa kile cha rafuni, na dawa za mama mkwe akawa anazikumbusha mwenyewe.

Hakwenda tena zahanati, mpaka mchana mmoja jirani yake, fundi cherehani, alipomvamia mlangoni, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

"We mama, sisi tumekukosea nini? Mtoto ana homa, unatufukuza kama kuku!"

"Nimemfukuza nani? Mimi niko hapa nachambua mboga."

"Nimekusikia kwa masikio yangu! Leo dawa hakuna. Rudini kesho. Unarudia na kurudia, wala huoni haya!"

"Sijasema hivyo mimi. Maisha yangu yote sijamwambia mgonjwa rudi."

"Basi nani mwenye sauti hiyo mji huu?"

Spika akaacha mboga, akaenda. Alisimama kwenye mlango wa ukumbi, hakuingia. Ilikuwa kweli. Sauti yake, tena nzuri, imetulia, isiyo na mvumo wowote nyuma yake, iliwaambia watu leo dawa hakuna, rudini kesho. Halafu ikaita, kwa nguvu zake zote: "Namba thelathini. Dirisha la mwisho."

Vichwa vyote vikageuka kutafuta namba thelathini ni nani. Msichana mmoja aliyeketi pembeni akaikunja karatasi yake, akaiingiza kiganjani. Kikaita tena. Msichana akainuka, akapita mlangoni pale pale aliposimama Spika, uso ameuinamisha, akatoka getini asigeuke. Spika akanyoosha mkono amshike, lakini hakumwahi.

Jioni alimkabili shemeji kwa mara ya mwisho, naye akamweleza bila haya hata kidogo jinsi alivyoyaunga maneno yale. Leo ilitoka huku, dawa ikatoka kule, rudini aliikata kwenye rudini mapema. Vipande akavishona pamoja. "Na huwezi kuusikia mshono, shemeji. Sikiliza mwenyewe." Alikuwa anaona fahari.

Tangu hapo hasemi mbele yake. Na wengine anaongea, anatania, anagombana na wauza mkaa mpaka wanapunguza. Akiingia shemeji, mdomo unafungwa. Mume alisema ni utoto. Wifi zake walikuja kusuluhisha, wakasikilizwa, wakapewa chai, wakaondoka kama walivyokuja.

Juzi shemeji aliingia chumbani kumwangalia mama yake. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akaongea habari za ghala, akazimaliza. Spika alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji ya kumwogeshea kizee.

"Shemeji, sema basi lolote," akaomba. "Nitukane. Nitakushukuru."

Mama mkwe akageuza uso huku na huku, akimtafuta kwa masikio. "Kwani yumo? Mwanangu, umo humu?"

"Yumo, mama. Amesimama mlangoni," shemeji akasema, na machozi yakaanza kumlenga.

Spika akaja, akaweka beseni chini, akaushika mkono wa kizee na kuubana ili ajue. Kizee akaubana wa kwake. Wakakaa hivyo, watu watatu, na shemeji akangoja, akangoja, mwisho akachukua kofia yake. Viatu vyake vikavuka uani. Geti likalia, likafungwa.

"Nyoosha mguu, mama," Spika akasema. "Maji yanapoa."