Mansuri na Gari Lililoizoea Simu Yake

Mansuri anauza vitenge na sabuni mjini Kasulu, na tangu aletewe lile gari la Japani hasalimii tena mtu. Anapiga honi. Sisi wa Heru Juu tuliomjua akitembea na kandambili mkononi asizichakaze, leo tunapigiwa honi kama mbuzi waliolala barabarani.

Kioo cha redio ya gari kimejaa maandishi ya Kijapani, na Mansuri hajui hata moja. Lakini alitaka simu yake iungane na gari kwa bluetooth, watu wamwone akizungumza huku mikono yote iko kwenye usukani. Wiki nzima alibonyeza. Siku moja akaiunganisha na spika ya kinyozi jirani, kinyozi akacheka mpaka akaharibu kichwa cha mteja. Mwishowe akamwita Destin, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu anayetengeneza simu. Destin akatazama alama tu, akamaliza.

"Papa," akamwambia, "sasa motokari iko najua telefone yako. Kila mara itawaka, itajiunga yenyewe, sauti yote itatokea huku ndani."

Mansuri akampungia mkono aondoke. Mtu wa kambini amfundishe yeye gari lake!

Alhamisi akaja kumchukua dada yake Mwanaheri, mjane, aliyelima shamba la baba yao miaka yote ambayo kaka mtu hakushika jembe. Alisema wanakwenda ofisi ya kata, dada aweke dole gumba ili shamba liandikwe kwa jina la dada. Mwanaheri hajui kusoma. Mimi jirani yake nikapakiwa nyuma niwe shahidi, nikapewa karatasi yenyewe niishike.

Tulipofika, Mansuri akashuka kumtafuta mtendaji, akaacha injini inaunguruma na kiyoyozi kimewashwa. Asubuhi ya Kasulu, watu wamevaa makoti, yeye anampulizia dada yake baridi. Upuuzi mtupu.

Simu ikaita, mlio ukajaa gari zima. Kule kibarazani Mansuri akaipokea, akaibana sikioni. "Haloo? Haloo?" Hakusikia kitu. Sauti ilikuwa huku kwetu.

"Asalaam aleikum. Ridhiwani hapa, wa Kibondo."

Mtu mwingine angenyamaza. Lakini Mwanaheri ni Muha aliyelelewa, na kwetu ukiamkiwa huiachi salamu hewani. Akainama mbele ya redio, akapiga makofi taratibu, akaitikia.

"Waaleikum salaam, baba. Mmeamkaje huko? Mama hajambo? Watoto je? Mvua imenyesha? Maharage yametoa maua?"

Ridhiwani naye kalelewa. Alidhani anaongea na mke wa Mansuri, akajibu moja baada ya jingine, hadi maua ya maharage. Mansuri bado yuko kibarazani, anaitikisa simu.

"Sasa shemeji," Ridhiwani akasema, "mwambie mzee mafundi wangu watakuja Jumatatu kung'oa ile mihogo ya Heru Juu. Dada yake akishaweka dole tu, tunaanza kujenga ghala."

Mwanaheri aliacha kupiga makofi. "Na huyo dada, baba, ataishi wapi?"

"Mansuri kasema kuna kichumba nyuma ya duka. Kasema hali chakula kingi, wala hahitaji nafasi kubwa."

"Haya, baba. Dada mwenyewe ndiye mimi. Usilete mafundi. Nisalimie nyumbani."

Ridhiwani akakata.

Mansuri akarudi na mtendaji, kidau cha wino mkononi, akilalamika mtandao mbovu. Mwanaheri akashuka, akamwamkia mtendaji kikamilifu, akaichukua karatasi mikononi mwangu, akamwomba aisome kwa sauti. Mtendaji akasoma. Alipofika kwenye "nimeridhia kuuza", Mansuri akaanza kufuta vumbi kwenye kioo cha gari lake kwa mkono wa shati. Mwanamume mzima! Nilimdharau mpaka nikatamani kutema mate.

"Mansuri," dada yake akasema, "Ridhiwani anakusalimu."

Kisha akaichukua karatasi, akaikunja, akaitia kwenye mkunjo wa khanga yake. Hakumgombeza. Akanigeukia mimi, niliyekuwa bado nimekaa kiti cha nyuma, nimevaa kitenge kipya alichoniletea Mansuri juzi.

"Na wewe, Immakulata," akaniuliza, "unajua kusoma. Kwa nini hukuisoma?"

Akaita bodaboda, akapanda peke yake.