Nilivyoozwa mbele ya kamera Mambrui, baba akidhani ni sinema tu

Salamu zenu wakuu, na nyinyi mnaosoma kimyakimya bila kuchangia nawaona pia, karibuni mkae.

Jana kuna kijana humu kasema ati pwani ilianza kupigwa picha juzijuzi simu zilipokuja. Nikacheka peke yangu jikoni.

Mwanangu, sisi miaka ya themanini kamera zilikuwa zimetuchosha! Malindi ilikuwa leo waja hawa na mataa yao, kesho wale. Walipenda jua letu. Jua ambalo sisi twalikimbia, wenzetu walilipa nauli ya ndege kulifuata.

Basi nami nina kisa changu na kamera hizo. Nitawapa kama kilivyokuwa, kwa sababu Mambrui bado wako waliokuwepo siku ile, na nikitia chumvi watanisuta hapahapa.

Mimi ni mtu wa Mambrui, kijiji chetu kiko mbele ya Malindi ukishavuka mto Sabaki. Wakati huo nilikuwa mwari wa nyumbani, shule nimemaliza. Baba yangu, Mzee Omari, Mungu amrehemu, alikuwa seremala. Mtu wa msikitini, mtu wa neno moja. Akisema hapana, hata paka wa nyumba ajua ni hapana.

Na hapana yake ya karibuni ilikuwa imeniangukia mimi.

Kulikuwa na kijana wa Mariakani, Athumani, akiendesha lori la maziwa kuyaleta Malindi. Mama yangu mdogo alikuwa na duka huko, nami nilikwenda kumsaidia. Athumani akishusha maziwa twasalimiana.

Ni salamu tu wakuu, msianze. Salamu ndefu kidogo.

Kijana akafanya adabu, akatuma wazee waje kuposa. Kwetu mwenye kuposa haji mwenyewe, hutuma watu wazima wamsemee. Baba akawapa kahawa, akawauliza kijana ni wa wapi na kazi yake nini. Waliposema dereva wa lori kutoka Mariakani, hakutaka kusikia hata jina.

"Madereva wa barabara kuu nawajua," akasema. "Kila kituo ana mtu wa kumpikia chai. Binti yangu simtoi kwa mtu nisiyemjua."

Wazee wakamaliza kahawa wakaondoka. Nililia mpaka mama akaniambia nitaozesha mto wa kulalia.

Haukupita muda, wakaja watu wa filamu.

Wakubwa wao Wazungu, wasaidizi wengi wa Nairobi. Yule mwenye kuamuru wote tulimpa jina Bwana Kofia, maana kofia yake ya ukili haikutoka kichwani hata akila. Kiswahili alikijua cha kujikwaajikwaa, lakini hakuogopa kukisema. Alitaka arusi ya Kiswahili. Kwenye hadithi yao Mzungu fulani anapita njiani, aona arusi, asimama akatazama, kisha aenda zake. Basi. Arusi nzima ni ya yeye kupita tu.

Walimjia baba awatengenezee jukwaa la mbao la kuwekea kamera. Wakaona nyumba yetu, wakaona baraza, wakaona mlango aliouchonga mwenyewe. Bwana Kofia akapiga makofi.

"Hapa! Nyumba ya kweli, mzee wa kweli! Kila kitu kweli!"

Baba naye, mtu akisifu mlango wake alikuwa anayeyuka. Akakubali kucheza baba wa bi arusi. Mwalimu wa madrasa, rafiki yake tangu utoto, akakubali kusoma hotuba ya ndoa, kwa sharti kamera isikanyage msikitini. Wakaelewana wafanyie barazani kwetu.

Sasa bi arusi.

Walikuja na msichana wao kutoka Nairobi, mzuri, mcheshi. Lakini alipoambiwa bi arusi lazima apakwe hina mikono na miguu akakataa. Alikuwa na sehemu nyingine humohumo kwenye filamu, anacheza karani wa hoteli, na hina haitoki upesi. Karani gani wa hoteli ana mikono ya bi arusi?

Mama akasema, "Mwanangu ana mikono."

Baba akafikiri, akasema sawa, mikono na miguu tu, uso usionekane, na aketi ndani kama bi arusi yeyote. Ndiyo nikawa nyota wa sinema, wakuu. Kamera ilinipiga viganja. Walivipiga nusu siku, nikaambiwa nisijikune.

Siku ya arusi ikafika. Barazani pametandikwa mikeka, majirani wamevaa kanzu zao nzuri, mataa yamewashwa na jua lenyewe lawaka. Mimi niko ndani, nimejitanda, nachungulia dirishani.

Bwana arusi alikuwa kijana mwigizaji wa Nairobi, mtu mzuri sana, Mkristo. Akaketi mbele ya baba akanyoosha mkono.

Baba hakuushika.

"Mwanangu usione vibaya," akamwambia. "Wewe sina neno nawe. Lakini kumshika mtu mkono nikamwambia nimekuoza binti yangu, na dini zetu mbalimbali, hata kwa mchezo ulimi wangu haukubali."

Wakambembeleza. Wapi! Bwana Kofia akavua kofia, mara ya kwanza tumwone kipara, akaipiga chini. Jua lilikuwa lapita.

"Basi chagua wewe, Mzee! Chagua unayetaka!"

Baba akatazama umati. Akatazama majirani, akatazama wabeba mataa. Kisha akanyoosha kidole.

"Yule."

Nilipoona ni nani nilibana uso kwenye nondo za dirisha.

Alikuwa Athumani.

Ngojeni niepue wali, naja.

Haya, nimerudi.

Mwajiuliza Athumani alifikaje pale. Watu wa filamu walitaka dereva wa lori la mataa anayejua njia zetu na kivuko cha Kilifi, naye akaacha maziwa akaja kwao. Siku zote walizokuwa wakijenga jukwaa alikuwa akimbebea baba mbao bila kuombwa. Adhana ikilia waenda pamoja. Shikamoo yake haikukosa asubuhi. Baba akawa hana maneno ila "yule kijana wa lori, yule kijana wa lori". Wala hakujua kuwa ni yuleyule, maana wakati wa posa uso hakuuona na jina hakulitaka. Mimi nilijua. Lakini nani angeuliza mwari aliye ndani?

Wakamvisha Athumani kanzu na joho. Akaketi mbele ya baba.

Kisha likaja jambo la pili. Kwenye karatasi ya filamu bi arusi aliitwa jina jingine kabisa, Zuhura. Mwalimu akasoma hotuba yote, maana alisema yeye hajui kusoma hotuba ya ndoa nusunusu. Zamu ya baba ikafika. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Mimi sina binti aitwaye Zuhura," akasema. "Na Msahafu huu hapa mbele yangu. Siwezi kusema uongo."

Bwana Kofia amechoka. "Sema jina unataka, Mzee! Sema tu!"

Basi baba akaushika mkono wa Athumani, akakaza, akasema kwa sauti ile ya msikitini: "Athumani bin Juma, nimekuoza binti yangu Mwanaidi kwa mahari tuliyokubaliana."

Mwanaidi ndiye mimi, wakuu.

Athumani akajibu, "Nimekubali kumuoa." Machozi yalimtoka kweli. Bwana Kofia akaruka, ati huyu dereva ni mwigizaji kuliko wote aliowaleta kwa ndege!

Lakini punda wa jirani alikuwa amelia katikati. Warudie. Wakarudia. Likapita wingu. Warudie. Baba akaniozesha mara tatu asubuhi moja, na kila mara majirani waliitikia na mama zangu walipiga vigelegele.

Mchana tukala, tukacheka, watu wakatawanyika.

Alasiri akaja Mwalimu. Hakupiga hodi ya kawaida, aliingia na uso wa mtu aliyefiwa.

"Bwana Omari," akasema, "tumefanya nini leo?"

Baba akacheka. "Tumecheza sinema."

"Wewe ndiye baba yake?"

"Ndimi."

"Jina umetaja lake?"

"Lake."

"Kijana ni Mwislamu, amekubali, mashahidi baraza nzima. Bwana Omari, ndoa haina mzaha. Mwenye kutamka kwa mchezo na mwenye kutamka kwa dhati twafundishwa ni mamoja. Pengine wanazuoni wengine watasema yale yalikuwa maigizo, hayakushika. Mimi chakula kimenishinda kwa shaka."

Kicheko cha baba kikakauka. Waelewe basi wasiokuwa wa dini yetu: mzee wangu alikataa kumshika mkono asiye Mwislamu, akakataa kusema jina la uongo, yote kwa kumcha Mungu. Na ule ucha Mungu wake ndio uliofanya mchezo uwe kweli. Angekuwa mtu wa ovyoovyo, isingekuwa ndoa hata kidogo.

Athumani akaitwa. Mimi na mama tuko nyuma ya pazia.

Baba akamuuliza, "Kijana, kwenu hasa wapi?"

"Mariakani, Mzee. Mimi ndiye niliyetuma wale wazee."

Nikachungulia pembeni mwa pazia.

Nikamwona baba akisimama, akikaa, akisimama tena. "Umenichezea?"

"Wallahi sikukuchezea. Ni wewe uliyeninyooshea kidole. Niliogopa kukataa na niliogopa kukubali."

Baba akamgeukia Mwalimu, dawa yake nini? Mwalimu akasema, kuondoa shaka ni njia mbili. Kijana atoe talaka, au ifungwe ndoa nyingine safi, isiyo na kamera wala punda.

Talaka! Hapo mama hakuvumilia. Akasema kwa sauti kutoka nyuma ya pazia, "Binti yangu awe mtalaka, na hata nyumba ya mume hajaiona?" Mwari aliyeachwa siku ya kuolewa, nani tena angenitaka? Na mwenyewe nilimtaka mmoja tu, ndiye aketiye pale akingojea kuambiwa aniache.

Athumani akasema pole pole, "Mzee, ukitaka talaka nitatoa sasa hivi. Siwezi kumshika binti yako kwa sinema. Lakini nakuomba aulizwe yeye kwanza."

Baba akamtazama yule kijana. Kisha akaja mlangoni kwangu, akasimama upande wa pili wa pazia.

"Mwanaidi. Umesikia yote. Yule kijana wamtaka, au atoe talaka?"

Wakuu, nilikuwa na mambo ya kusema! Tangu siku wale wazee walipoondoka nilikuwa nimepanga hotuba nzima, kwa nini madereva nao ni watu, kwa nini Mariakani si ng'ambo ya dunia. Mdomo ukafunguka.

Mama akanifinya paja.

Ndipo nikakumbuka. Mwari akiulizwa kuhusu ndoa, asipotaka husema. Akitaka hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo ridhaa.

Nikanyamaza.

"Mwanaidi?"

Kimya. Nimejiuma kanga kwa meno.

"Nauliza mara ya mwisho."

Nilinyamaza kwa nguvu zangu zote, mpaka machozi yakanitoka. Nikamsikia baba akishusha pumzi, kisha, wallahi, akaanza kucheka. Cheko la chini, la tumbo. Akarudi barazani.

"Amenyamaza," akawaambia.

Ijumaa yake tukafungiwa ndoa msikitini, safi, bila kamera. Watu wa filamu walikuja wakala pilau. Yule kijana wa Nairobi akapewa fimbo acheze kirumbizi na wenzake, akagongwa vidole, akacheka kuliko wote. Bwana Kofia alilia kwa kukosa kuipiga picha.

Filamu yenyewe sijaiona mpaka leo. Nasikia kipande chetu walikikata.

Miaka baadaye, wajukuu wamejaa nyumba, nilimtania baba. Nikamwambia, baba, si ulimkataa dereva wa Mariakani, kisha kati ya watu wote wale ukamchagua yuleyule kwa kidole chako?

Akaniangalia kama mtoto asiyeelewa somo.

"Yule niliyemkataa sikumjua," akasema. "Huyu nilimjua."

Basi somo langu ndilo hilo, wenye mabinti wa kuozwa na wenye kuposa. Kabla hujasema hapana, mwite mtu akubebee mbao siku mbili tatu, umtazame.

Haya, mashekhe wa humu nawajua hamtatulia: ile ya mbele ya kamera ilishika au haikushika? Na walioozwa kimiujiza kunishinda mimi, uwanja wenu. Tiririkeni.