Talaka Iliyotoka Kwenye Treni ya Japani

Niliachwa na kanda ya kaseti, sebuleni kwa mkwe wangu, huku treni ya Japani ikinguruma nyuma ya sauti ya mume wangu.

Msicheke. Ilikuwa 1998, Bawshar, huku Omani.

Mume wangu, Sleyum, alipelekwa na kazi kusoma Japani. Mimi nikabaki kwa mama yake, Bi Mahbuba, na wifi yangu Wadha.

Kwao Unguja, kwetu Tabora, kabla wazee hawajarudi Omani. Sote Waomani, pasipoti moja, lakini mle ndani nilikuwa "yule wa bara." Nikipika wali, Wadha anaonja tonge moja, anasukuma sahani.

"Wali wa msibani huu."

Simu ilitiwa kufuli. Ufunguo kifuani kwa Bi Mahbuba.

Kwa hiyo Sleyum alikuwa akituma kanda. Anajirekodi asubuhi akienda darasani kwa ile treni inayowazoa watu wa vitongojini kuwapeleka Tokyo. Ilimtesa. Alisema wapo wafanyakazi wenye glavu nyeupe, kazi yao kukusukuma ndani mpaka mlango ufunge. Humo hujui mkono upi wako. Wengine wanalala wima.

Kanda tulizisikiliza pamoja. Mwenye kubonyeza ni Wadha.

Siku hiyo natoka kuanika nguo, nakuta wananisubiri.

"Kaa," akasema Bi Mahbuba.

Wadha akabonyeza. Kelele za treni. Halafu Sleyum, sauti yake kabisa:

"Nimekuacha. Kuanzia leo usinisubiri tena."

Tap. Akazima.

"Rudisha nisikie," nikasema.

"Talaka hairudishwi kama taarab. Funga virago."

Nikamtazama mkwe wangu. Akageuza uso.

"Mwanangu kasema mwenyewe," akasema.

Nikaenda kwa baba yangu, mtaa wa Hamriya. Baba akapiga simu kwenye bweni la Sleyum kule Japani. Wakamjibu kwamba ameshahama.

Basi, niulize nini tena? Nikakaa eda.

Eda haijafika mbali, mlango ukagongwa. Sleyum. Kanuna, yuko na ami yake, Yaqdhan.

"Nimekuja kukupa talaka unayoitaka," akasema. "Nafika nyumbani naambiwa umechoka kungoja, una mwanamume mwengine."

Nikamsogelea pale mlangoni.

"Talaka ngapi unazo wewe? Si umeshaniacha kwenye kanda?"

"Kanda ipi?"

Nikamwambia maneno yale, neno kwa neno. Rangi ikamtoka.

"Ulisema hivyo?" ami yake akamuuliza.

"Nilisema. Lakini nilikuwa nnaiambia treni."

Masomo yalikatizwa mapema, na kanda ile ndiyo iliyoleta habari kwamba anarudi; mwenyewe alihama bweni, akabaki kwa rafiki akingoja tiketi. Siku ya mwisho ya darasa, aliposhuka kituoni aliigeukia treni akaitania: "Ewe treni, nimekuacha. Kuanzia leo usinisubiri tena. Nnarudi kwa mke wangu."

Mimi nilisikilizishwa katikati tu.

Ami Yaqdhan akakaa kwenye kizingiti, astaghfirullah haimtoki mdomoni.

"Vaa buibui twende nyumbani," Sleyum akaniambia.

"Nyumbani kwa nani? Umekuja kuniacha bila hata kuniuliza. Nikirudi mle, siku nyingine utaniacha kweli."

"Mama ni mama."

"Na abaki mama. Mimi nitafutie nyumba."

Alinuna siku kadhaa. Kisha akapanga nyumba Al Khoudh.

Sikukuu iliyofuata nilikwenda kumpa mkono Bi Mahbuba. Akanipa ncha za vidole. Wadha alikuwa jikoni, tumebaki wawili.

"Wadha nimemsamehe," nikamwambia.

Akacheka puani.

"Wadha kazi yake kubonyeza. Pa kuanzia na pa kuzima nilimuonesha mimi. Na ungerudi kukaa kwangu, ningemuonesha tena."

Kisha akanimiminia kahawa.

Nikainywa, nikaaga, nikaondoka. Tangu siku hiyo salamu zake zinapita kwa mwanawe.

Jamani, habari ya ndoa yako isikie kwa mwenye ndoa. Neno likiletwa kipande, dai kichwa chake na mkia wake. Na anayekuchukia akikwambia waziwazi, usibishane naye. Kakupunguzia kazi ya kubahatisha. Kaa naye mbali.