Siku Mama Alipoachia Mwiko

Nianze na makande ya shangazi yangu, maana nimeyala mengi. Maharage mengine yalikuwa yamepondeka, mengine yanagonga meno, na chini ya sufuria hapakukosa ukoko wenye harufu ya moshi. Yalilika. Ukitoka shamba na njaa yako yalilika vizuri tu. Lakini nyumbani kwa mama yangu, kusema chakula "kinalika" lilikuwa tusi.

Mama, jamani, alikuwa mwanamke wa shoka. Sisemi hivyo kwa sababu ni mama yangu. Muulize mtu yeyote kule kwetu juu, Mbulu. Alilima, alipika, alikamua, alishona, na kote huko hakuwa na mpinzani. Shangazi, dada yake baba, alikuwa amerudi kutoka upande wa Hanang baada ya ndoa kumshinda, akapewa chumba cha nyuma. Akifagia uwanja, mama anaufagia tena. Akiosha sufuria, mama anaisuuza upya, tena mbele yake. Ikafika mahali shangazi anashinda kwenye kigoda, mikono mapajani, kama mgeni anayesubiri kuagwa.

Kitunguu saumu ndicho kilichotulisha na kutusomesha. Kazi yake ngumu si kulima, ni kuchambua. Mama alikuwa akibonyeza shingo ya kitunguu kwa dole gumba, mara moja tu, na kujua kama ndani bado kuna unyevu. Kimoja kibichi kikiingia kwenye gunia, kinaozesha jirani zake wote. Dole gumba lile sijaliona kwa mtu mwingine hadi leo.

Ila mwaka mmoja magunia mawili, yaliyochambuliwa mama akiwa jikoni, yalioza njiani. Mnunuzi wetu alikuwa mzee mfanyabiashara wa Katesh aliyepeleka mzigo Kenya. Alipokuja hakufoka, na hilo ndilo lililotutisha.

"Mama," alimwambia, "kule Nairobi kuna kitunguu cha China. Kikubwa, cheupe, bei ya kutupa. Chako wanakitaka kwa ukali wake na kwa sababu kinakaa. Kikioza tena, mimi huku juu sitapanda tena."

Hakukuwa na mnunuzi mwingine aliyekuwa tayari kuleta gari lake kwenye barabara yetu. Mama alilijua hilo, na sote tulilijua.

Mimi wakati huo nilikuwa kidato cha tano, nimejaa vitabu hadi puani. Nikamuuliza yule mzee, "Shikamoo baba. Kwani Wakenya hawawezi kulima vitunguu vyao?"

"Marahaba. Wanaweza, tena wengine wanatushinda. Lakini shamba lile lile likipandwa maua ya kuuza Ulaya linawapa zaidi. Sasa wapoteze maua kwa ajili ya kitunguu, ili iweje?"

Aisee, nilishtuka. Kwenye somo la uchumi nilikuwa nimekariri habari za nchi mbili zinazouziana nguo na divai, kwamba hata nchi inayoshindwa kwa kila kitu bado ina cha kuuza. Nilipata alama zote na sikuwa nimeelewa kitu. Nikageuka, nikamwona mama amesimama mlangoni na mwiko mkononi, na shangazi kwenye kigoda chake.

Mwaka uliofuata mavuno yalikuwa mazuri. Mzee akapiga simu kwamba gari linakuja Alhamisi asubuhi. Jumatano mama akaita majirani waje kuchambua. Sasa, kwetu, ukiita watu kazini unawalisha kwa mkono wako mwenyewe. Mwenye shamba akimwachia mtu mwingine chungu, watu wanakula kimya halafu wanasema njia nzima kwamba wamedharauliwa. Kwa hiyo mama aliingia jikoni tangu alfajiri, na vitunguu vikabaki kwa majirani, na kwa shangazi, na kwangu. Madole gumba kibao, na hakuna hata moja lililojua kitu.

Nikamfuata jikoni. "Mama, shangazi unamshinda kupika, sawa. Lakini unamshinda kidogo. Kwenye vitunguu unamshinda mbali sana. Mwachie makande, wewe toka nje."

"Kwa hiyo nimekupeleka shule uje unifukuze jikoni kwangu?"

"Mama, gari ni kesho!"

"Toka!"

Nikatoka, nimevimba kwa hasira. Kichwa kigumu cha mama nakijua, maana na mimi ninacho.

Karibu na saa nne akatoka kutupia jicho gunia la kwanza. Akaingiza mkono, akabonyeza kimoja. Akabonyeza cha pili. Cha tatu akakiweka pembeni. Kilikuwa kibichi, nasi tulikuwa tumeshafunga magunia manne. Mama akatazama magunia, akatazama barabara, akarudi jikoni. Alipotoka alikuwa na mwiko.

Akavuka uwanja hadi kwa shangazi, mbele ya majirani wote.

"Wifi," akasema, "nisaidie jikoni. Watu hawa ni wako leo."

Shangazi alitazama mwiko kama unaunguza. Kisha akasimama, akajifunga kanga upya, akaenda. Mama akamwaga magunia yote manne, akakaa chini, akaanza. Weee! Vidole vilikuwa vinaruka. Mara mbili moshi wa ukoko ulitoka jikoni, nikaona mabega yake yakishtuka, lakini hakuinuka. Nilimpenda mama siku zote. Siku ile nilimvulia kofia.

Alhamisi mzee wa Katesh alifungua kila gunia, akachimba hadi chini, akanusa, akabonyeza. Alichukua muda mrefu hadi miguu ikaniuma kwa kusimama.

"Mama, huu mzigo ni safi," akasema mwishoni. "Mwakani nitakuja."

Mama akashusha pumzi, akamkaribisha mezani. Shangazi akaleta makande yaliyolala, na kujificha nyuma ya mlango. Mzee akala, akatafuna haragwe gumu kwa subira, akaomba kuongezwa. Alikuwa na adabu sana mzee yule.

"Mama, mkono wako ni ule ule," akamsifu.

Nikamtazama mama. Mwanamke huyu sifa ya jiko hajawahi kumwachia mtu.

"Hapana, baba. Mpishi wa nyumba hii ni wifi yangu," akajibu. "Mimi jikoni siwezi."

Nyuma ya mlango nikasikia shangazi akicheka na kulia kwa pamoja. Kigoda kile hakukikalia tena, labda awe anachagua maharage.