Ndoo ya Daktari

Kinyozi wa pale kona aliitwa Daktari, na jina hilo alijipa mwenyewe, maana hakuna mwenye akili timamu ambaye angempa. Hospitali alikuwa ameingia siku aliyozaliwa tu, na hata siku hiyo hakuuliza swali. Lakini mtu akizimia mtaani, Daktari alimwacha mteja na kichwa nusu kipara, akakamata ndoo nyekundu iliyokaa mlangoni pake imejaa maji saa zote, akatoka mbio akipiga kelele, "Pisheni! Pisheni mtaalamu!" Alimmwagia mgonjwa maji, akamkalisha kitako, akampiga vibao vya mashavu. Wengi wa wanaozimia huzinduka wenyewe wakiachwa walale kidogo. Hao wote alijihesabia yeye. Wasiozinduka, alisema siku yao ilikuwa imefika.

Dada yake mkubwa alikuwa fundi cherehani katika chumba cha pili, wametenganishwa na ukuta wa mbao tu. Watu walimwita Sindano, kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Mdogo wake huyu, kitinda mimba, Sindano alimbeba mgongoni akiwa mchanga, akampenda kupita kiasi, na upuuzi wake aliudharau kwa moyo wote. Kulikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia. Baba yao alianguka uani Sindano akiwa msichana, na majirani walimmwagia maji na kugombania kumpepea mpaka mwili ukapoa. Mama aliwakataza kulizungumza. Kitinda mimba akaambiwa tu kwamba baba aliugua.

Basi watu wa gari la wagonjwa walipokuja sokoni kufundisha huduma ya kwanza, na sanamu yao ya plastiki isiyo na miguu, Sindano alifunika cherehani akaenda. Alipiga magoti vumbini, akanyoosha mikono, akaanza kukikandamiza kifua cha plastiki. Daktari alikuja kusimama nyuma na wapambe wake.

"Dada, taratibu! Utamzalisha huyo!"

Soko zima lilicheka. Wanaume wazima, wenye ndevu, walishika matumbo.

"Cheka, mdogo wangu," Sindano alisema bila kusimama. "Sikio la kufa halisikii dawa."

Hazikupita siku nyingi, asubuhi moja, mashine ya kunyolea ilisikika ikinguruma sakafuni upande wa pili wa mbao. Mteja akapiga ukelele. Sindano aliingia akamkuta mdogo wake chali kati ya nywele za watu, macho wazi, haoni. Alimwita, akamtikisa mabega. Hakuitika. Kooni ikatoka pumzi moja ya kukoroma, kisha muda mrefu hakuna kitu.

Wapambe walishafika, na ndoo. Wanafunzi wema hawasahau somo. Maji yalimwagwa yote, mmoja akamshika kwapani amkalishe, mwingine akainua simu kupiga picha.

"Anakoroma huyo, amelala tu!"

"Mlaze chini!" Sindano alimsukuma aliyemshika, akamnyooshea kidole mpiga picha. "Wewe wa shati la bluu! Simu hiyo hiyo, ita gari la wagonjwa. Sasa hivi!"

Akaweka kiganja katikati ya kifua, cha pili juu yake, akakandamiza kwa uzito wake wote, chini na juu, haraka haraka. Kitu kikavunjika chini ya mikono yake, akasikia wazi.

"Unamuua ndugu yako!"

"Keshakufa!" alipiga kelele. "Namrudisha!"

Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na hakuacha. Mikono ilipoanza kulegea alimvuta yule mteja mwenye nusu kipara, akamwonyesha, wakapokezana. Wapambe walisimama wakitoa ushauri, kazi isiyochosha. Gari lilipofika, wauguzi walimpiga shoti ya umeme kifuani, na moyo ukakubali. Kwenye korido ya hospitali Sindano alilia mpaka kitambaa cha kichwa kikalowa.

Daktari alirudi kazini amekonda kila mahali isipokuwa mdomo. Kupitia mbao Sindano alimsikia akiwasimulia wateja.

"Nilikuwa nimeshaondoka. Yale maji yaliponigusa tu, baridi, roho ikarudi! Halafu dada yangu naye, kwa papara zake, akanivunja mbavu. Mpaka leo sicheki."

Shukrani ya punda. Sindano alikanyaga cherehani kwa nguvu ili asisikie, akaharibu pindo la gauni la watu.

Alikuwa akilifumua siku hiyo hiyo sauti ilipotoka barabarani: "Jamani, mtu ameanguka!" Alitoka mbio, na mlangoni pa kinyozi akagongana na mdogo wake, mkono mmoja umeshika ubavu, wa pili umebeba ndoo nyekundu.

"Weka chini."

"Dada, mtu anakufa!"

Sindano aliinyakua ile ndoo akammwagia yote kichwani. Maji yakamchuruzika Daktari usoni.

"Baba alimwagiwa maji kama hivi," Sindano alisema. "Uani kwetu, mimi nikiangalia. Hakuugua. Alianguka kama ulivyoanguka wewe, wakammwagia maji mpaka akafa, na wote walikuwa wataalamu."

Akamwacha hapo, akakimbilia kwenye kundi la watu. Walikuwa wamejipanga duara, bega kwa bega, kila mmoja akitaka kuona na hakuna aliyeinama. Alisukuma, hakupata upenyo. Kisha nyuma yake akasikia ile sauti aliyoichoka miaka yote, safari hii inatetemeka.

"Pisheni! Mpisheni dada yangu!"

Wakapisha. Sindano akapiga magoti, na mdogo wake akapiga magoti upande wa pili, amelowa, mikono mitupu, akingoja kuonyeshwa.